Masikio ya Ng'ombe Yakiwa Baridi

Mama yangu hajawahi kutangaza shida kwa ukubwa wake. Siku baba alipoanguka shambani, alinipigia simu adhuhuri, akaniuliza kwanza kama mvua imenyesha Nyeri, akauliza habari za kazi, akanieleza kwamba viazi vya upande wa mto vimeanza kuchanua. Ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo akiwa tayari mlangoni, "Sisi tuko wazima. Ni baba yako tu amekataa chai." Nikamwambia ampe uji. Nilipofika nyumbani Mweiga jioni, upande mmoja wa uso wa baba ulikuwa umelegea, na hakujua ni nani aliyemshika mkono. Hakuketi tena mezani kunywa chai.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walisema hivyo, ila wahenga hao hawakuwahi kuishi kwetu. Kwetu mtu hafichi; mtu anapunguza. Ni adabu. Ukienda kwa jirani kuomba msaada, unaanza kwa kumhakikishia kwamba hujaja kwa jambo la maana. Nyumba ikishika moto, utasikia kuna kamoshi. Tangu tumzike baba nimekuwa na hasira na adabu hii, na hasira hiyo haina pa kwenda, maana huwezi kumgombeza mama yako kwa sababu ana heshima.

Naanza na hayo kwa sababu kazi ninayoifanya siku hizi ilinikuta na hasira hiyo kifuani. Natunga maelezo ya zana za akili mnemba. Nikisema hivyo kanisani, watu hunitazama kwa huruma, kisha huniuliza kama bado nauza dawa ya kupe.

Dawa niliuza, tena kwa miaka mingi, katika duka la dawa za mifugo mjini Nyeri. Karatasi iliyokuja na chupa ilikuwa na herufi ndogo kama mbegu za mchicha na haikumsaidia mtu, kwa hiyo nilikuwa naandika juu ya chupa yenyewe kwa kalamu nene: ya nini, vifuniko vingapi, asipewe nani, ukiona nini uache. Siku moja msichana aliyesomea kompyuta alikuja kumnunulia nyanyake dawa. Akaisoma ile chupa, akaisoma tena, akaniuliza kama ningependa kazi nyingine. Ndiye bosi wangu hadi leo. Yeye huniita anti, mimi namwita bosi, na sote wawili hucheka kidogo.

Kazi yenyewe ni hii. Chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa kilitaka wakulima wake wawe na mtu wa kuwajibu kwenye simu wakati wowote. Mtu huyo si mtu. Ni programu tunayoiita wakala. Mkulima anaandika au anatuma sauti, wakala anasoma, anajibu, na ikibidi anatenda. Ili atende amepewa zana. Zana moja humpigia daktari wa mifugo aje sasa hivi. Nyingine humwandika mkulima kwenye ziara za kesho. Nyingine humjulisha dereva wa lori la maziwa kwamba barabara fulani haipitiki.

Sasa, wakala haoni zana hizo. Hazishiki mkononi akasikia uzito wake. Anachojua ni jina la zana na mistari michache iliyoandikwa chini ya jina hilo, na kwa mistari hiyo peke yake anaamua achukue ipi. Jikoni kwa mama kuna sufuria mbili zinazofanana, na moja ni ya maziwa tu, haijawahi kuguswa na mafuta. Mke wa kaka yangu alipoolewa aliambiwa "chukua sufuria," akachukua, akakaanga nyama. Maziwa yalikatika wiki nzima na bibi harusi akalia. Mimi nilisema wakati ule na nasema leo: kosa lilikuwa la aliyesema "chukua sufuria" kisha akanyamaza.

Nilipoanza kazi, maelezo ya zana ya daktari yalikuwa yameshaandikwa na watu wa Nairobi waliotengeneza programu. Yalisema: *Humwita daktari wa mifugo. Tumia kukiwa na dharura.* Mafupi, safi, yanapendeza macho. Kazi yangu ilikuwa kusafisha Kiswahili tu, na Kiswahili chake hakikuwa na doa.

Kisha mzee jirani wa mama, yule wa ng'ambo ya ua wa miiba ya kaiyaba, akaandikia wakala. Niliusoma ujumbe wake baadaye na naukumbuka wote: "Habari zenu. Hapa ni kuzuri. Ng'ombe imezaa usiku, tunashukuru Mungu. Sasa imelala kidogo na imekataa kuamka, lakini si haraka." Wakala akatafuta dharura katika maneno hayo, hakuiona. Akamshukuru mzee kwa kuandika, akamtia kwenye ziara za kesho. Ilikuwa homa ya maziwa, ugonjwa ambao haungoji kesho. Daktari alipofika asubuhi alikuta mzee ameshafunika mzoga kwa majani ya ndizi.

Nilidhani mzee atakuja ofisini kutupigia kelele, nami nilikuwa tayari kupigiwa. Alikuja kweli, amevaa koti lake la kanisani. Alikuja kuomba msamaha kwa kumsumbua daktari safari ya bure.

Alipoondoka nilipiga meza hadi kikombe cha bosi kikaruka.

"Lakini anti," bosi akasema polepole, "mzee mwenyewe alisema si haraka."

"Hapa hakuna mtu atakuambia ni haraka! Mtu wa huku hata akiwa anakufa atakuuliza kama umekula."

Bosi alikirudisha kikombe chake mahali pake. Nyanyake anatoka upande wa Karatina. Alijua nasema kweli.

Lakini nilichoogopa zaidi sikumwambia siku hiyo. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo alikuwa na mimba iliyokaribia. Tangu baba aondoke, ndugu zangu walikuwa wakimshinikiza aache boma aje mjini, akae kwangu mtaani Skuta au kwa kaka Nairobi, maana ni mzee na yuko peke yake na hasemi akiumwa. Mama aliwasikiliza, akawamiminia chai, akatoa neno moja ambalo kwa mtu wa tabia yake lilikuwa sawa na kupiga ngoma: "Huyu ng'ombe ndiye ataamua. Akizaa na abaki mzima, mimi niko hapa. Akinitoka, leteni pikapu." Wakakubali. Mimi nilijua kwamba akitolewa kwenye ardhi ile atakunja mikono mapajani, atasema yuko sawa, na ataisha polepole mbele ya macho yetu kama mshumaa. Nilijua pia kwamba siku ng'ombe akiumwa, mama hatanipigia mimi, kwa sababu mimi niko kazini. Ataandikia kile kitu cha ushirika. Na atakiandikia kwa adabu.

Kwa hiyo nilikaa kuandika upya. Niliacha neno dharura kabisa. Dharura ni hukumu, na mtu wa kwetu hajihukumu. Lakini dalili si hukumu. Nikaandika vile nilivyokuwa nikiandika juu ya chupa: *Zana hii humpigia daktari wa mifugo ili aje sasa. Itumie ng'ombe aliyezaa karibuni akilala na kushindwa kusimama, akigeuzia shingo ubavuni, au masikio yake yakiwa baridi. Itumie hata kama mkulima anasema ni kidogo au si haraka. Wengi husema hivyo kwa heshima. Asipotaja dalili, usimuulize kama kuna shida. Muulize masikio yakoje.*

"Ni ndefu," bosi akasema.

"Ulitaka fupi ama ulitaka ng'ombe?"

Tuliijaribu. Niliketi nikijifanya mzee jirani, nikijifanya mama, nikijifanya kila mtu ninayemjua wa kutoka Mweiga hadi Mwea, nikiandika shida kubwa kwa maneno madogo. Wakala akawa anachukua zana inayofaa kila mara. Nilijivuna mapema mno. Tulipoiweka kazini, daktari akapiga simu akiwa mkali kama siki: "Madam, mnanituma kilomita zote hizi kuangalia ng'ombe inaota jua?" Ng'ombe alikuwa amelala, ni kweli, amezaa juzi, ni kweli. Alikuwa anacheua.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Daktari ni mmoja kwa eneo letu zima, na ukimchosha kwa safari za bure atazima simu, na siku ya kweli utampata amezima. Nikajifunza kwamba kueleza zana ni ya nini ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kueleza si ya nini. Nikaongeza: *Ng'ombe akilala lakini anacheua, na anasimama akiguswa, usiitumie. Aliyepunguza maziwa tu na bado anakula, mwandike kwenye ziara za kesho.*

Kisha kukawa na suala la mahali. Zana ilitaka kujua mkulima yuko wapi, na wakulima walijibu kwa ukarimu: hapa tu, baada ya kona, nyumba ya mabati mapya. "Hapa tu" ya Mweiga inaweza kumaliza tangi la pikipiki. Nikaandika kwamba wakala asiridhike na "hapa tu", aulize mkulima hupeleka maziwa kituo gani. Hakuna mtu kule asiyejua kituo chake cha maziwa, na daktari anavijua vyote.

Mwishowe bosi aliniuliza tufanye nini na ujumbe usiohusu mifugo. Watu walikuwa wameanza kumwandikia wakala mambo yao, jinsi mtu anavyozungumza na redio. Nikamwambia tuongeze zana moja, ya kumpigia mtu wa nyumbani, yule ambaye kila mkulima huandikisha anapojiunga. Maelezo yake niliyaandika kwa mkupuo mmoja: *Itumie mkulima akitaja mwili wake au wa mtu wa nyumba yake. Ameanguka, uso umelegea, kiungo kimevimba, amekataa chai. Mwambie aende hospitali, na mpigie mtu wake. Mweleze mtu wake kila kitu kama kilivyosemwa. Usipunguze.*

Nilipofika kwenye neno chai, machozi yalinitoka nikashindwa kuyazuia. Bosi aligeukia dirishani, akasema leo mlima umejitokeza vizuri. Ulikuwa umefunikwa na mawingu hadi kiunoni.

Siku yenyewe ilifika mchana wa kawaida. Nilikuwa ofisini nikipitia mazungumzo kwenye skrini, kazi ninayoifanya baada ya chakula, nikaona ujumbe umeingia kutoka kituo chetu cha maziwa. Niliutambua kabla ya kuona namba. "Habari ya mchana. Sisi hapa tuko wazima, na nyinyi tunawaombea. Ng'ombe imezaa vizuri. Sasa inapumzika."

Ni hayo tu. Hakukuwa na "imelala", wala "imekataa kuamka", wala dalili hata moja. Mama alikuwa amepunguza hadi pakabaki patupu.

Nikashika simu nikampigia.

"Mami," akaitika. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Umekula?"

"Nimekula. Mama, ng'ombe yuko aje?"

"Amezaa kandama ka kike. Mungu ni mwema."

"Na yeye mwenyewe? Kuna shida?"

"Hakuna shida. Amechoka tu. Wewe fanya kazi, usikuje na hii baridi yote."

Akakata. Nikabaki na simu sikioni. Mimi, binti yake, niliyeandika kwa mkono wangu kwamba asiulizwe kama kuna shida, nilikuwa nimemuuliza kama kuna shida. Niliona aibu mbele ya bosi.

Kwenye skrini, wakala alikuwa ameshajibu. Alimpa mama hongera za ndama. Kisha akauliza: "Tafadhali mguse masikio. Yana joto au ni baridi?"

Tukangoja. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu. Nilimwona mama akilini akitembea kutoka jikoni hadi zizini amevaa sweta la baba, akiinama, maana kazi aliyopewa ni kazi na yeye hajawahi kukataa kazi.

"Ni baridi kama mawe ya mto," akaandika.

"Ameelekeza shingo wapi?"

"Ameigeuzia kwa mbavu. Lakini si haraka."

Wakala akachukua zana ya daktari. Ninasema hivi kwa utulivu sasa. Wakati ule nilipiga yowe, na mhasibu wa chumba cha pili akaja kuangalia nani amefiwa. Daktari aliitika, alikuwa karibu, akasema anageuza pikipiki. Wakala akamweleza mama kwamba daktari anakuja, amsaidie ng'ombe asilale ubavu, ampe gunia la majani la kuegemea. Mama akajibu kwamba hakutaka kusumbua mtu. Kisha akaandika tena: "Gunia nimeweka."

Nilipofika Mweiga, ukungu wa milima ya Nyandarua ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyasi za nepia. Nilipita getini nikiwa tayari kuona majani ya ndizi. Nikamwona ng'ombe amesimama. Miguu ilikuwa ikitetemeka, na ndama alikuwa chini yake akipiga kiwele kwa kichwa bila huruma. Daktari alikuwa ananawa mikono kwenye karai. Mzee jirani, yule yule, alikuwa ameshika kamba. Alipita kwenye ua aliposikia pikipiki, akamshika ng'ombe kichwa wakati dawa ikiingia polepole kwenye mshipa wa shingo.

"Shosho angengoja jioni," daktari akaniambia, akimwelekezea mama kidevu, "kesho tungekuwa tunachimba shimo."

Mzee alimpapasa ng'ombe kwenye paji la uso, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu amesimama." Alisema hivyo mara kadhaa.

Mama ndiye alikuwa amekasirika. Alinipa kikombe cha chai kabla sijaketi, akanikazia macho.

"Hiyo kitu yako haina adabu, mami."

"Imefanya nini?"

"Nimeiambia vizuri, si haraka. Ati ikaniuliza masikio. Sasa mtu akikuuliza masikio utasema nini? Utadanganya masikio?"

Daktari alicheka hadi akamwaga maji ya karai. Mimi nilicheka pia, kisha nikalia, kisha mama akaniambia ninywe chai kabla haijapoa.

Ndugu zangu walikuja Jumapili bila pikapu. Mama aliwapeleka zizini mmoja mmoja, kama askofu anayetembeza wageni, akawaonyesha ng'ombe na ndama, na hakusema neno juu ya mkataba wao. Kaka alinung'unika kwamba ng'ombe amepona lakini mama bado yuko peke yake na bado hasemi akiumwa. Alisema kweli. Tulimwacha akae kwa sababu tulikuwa tumeahidi.

Mvua za masika zilipoanza, nilikuwa ofisini asubuhi moja nikibishana na bosi kuhusu maelezo ya zana mpya, ya kuulizia bei ya mbegu za viazi. Nilikuwa nikimwambia kwamba "bei ya sasa" haitoshi, ni bei ya wapi na ya mbegu gani, na yeye alikuwa akiniambia nimeanza tena. Simu yangu ikalia. Namba ilikuwa ya wakala.

Sijawahi kupigiwa na wakala. Nilijua zana ile ipo kwa sababu niliitunga mwenyewe, lakini nilikuwa nimeitunga kwa ajili ya watu wengine. Sauti ikaniambia kwamba mkulima aliyeniandikisha kama mtu wake ametuma ujumbe asubuhi hiyo, na kwamba ameshauriwa aende hospitali. Kisha ikanisomea ujumbe wenyewe kama ulivyosemwa, bila kupunguza: "Habari ya asubuhi. Hapa tuko wazima. Ng'ombe iko sawa, masikio ni joto, anakula. Mwenye ng'ombe ameteleza kwa matope jana. Goti limevimba na halikunji. Si haraka."

Mpaka leo sijui kama alijua ujumbe ule utanifikia. Nikimuuliza hunimiminia chai. Najua tu kwamba mama yangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, alikuwa ametaja mahali panapomuuma.

Nilichukua koti. Bosi alikuwa ameshafungua mlango. Nilimpigia mama nikiwa kwenye ngazi, na alipoitika "Mami, umekula?" sikumuuliza kama kuna shida.

"Goti gani?" nikamuuliza.

Nilimsikia ndama kwa mbali.

"La kushoto," akasema.